Macho Darini

Kuna wanaume wenye wivu wa msimu. Unapanda, unashuka, mtu akila akashiba na kulala vizuri unaisha. Fundi vioo hakuwa wa kundi hilo. Wivu wake ulikuwa na ajira ya kudumu, hauchukui likizo wala hauugui, na mtaa mzima uliujua isipokuwa yeye mwenyewe, ambaye aliuita upendo.

Tumtendee haki lakini: kazini hakuwa na mpinzani. Alilaza kioo juu ya meza iliyotandikwa kipande cha zulia kuukuu, akapitisha kikatio mara moja tu, bila kurudia, kisha akagonga kidogo kwa chini, na kioo kikaachana pande mbili bila ubishi. Penseli ilikaa sikioni, plasta haikukosekana kidoleni. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwa fundi wa njoo kesho. Alichelewa kuoa. Mvi zilikwisha kuanza kumchungulia kando ya masikio alipompata mshona mapazia mmoja mwenye macho makubwa, mwanamke ambaye akizungumza na wewe anakutazama usoni, akizungumza na muuza mkaa anamtazama usoni, na akimfukuza mbwa mlangoni, mbwa naye anatazamwa usoni. Shida ilianzia hapo.

Waliishi vyumba viwili nyuma ya karakana. Mkabala na cherehani ya mkewe, fundi alitundika kioo kirefu cha kujitazamia ambacho mteja alikikataa kwa kuwa kona moja ilimeguka. Mkewe alidhani ni zawadi. Ilikuwa zawadi kweli, ila ilimchukua fundi siku nzima kuiweka. Alikiinamisha hivi na vile, akakitilia vipande vya kadibodi nyuma, mpaka akahakikisha kwamba mlango wa kati ukiwa wazi, yeye akiwa mezani na kikatio chake, anamwona mkewe usoni. Mikono hakuihitaji, mikono ya mshona mapazia inajulikana inafanya nini. Alitaka kuona macho yanakwenda wapi.

"Fundi," mkewe alimwambia siku moja bila kuinua kichwa, "ukiendelea kunichungulia humo utajikata kidole."

"Nani anakuchungulia? Naangalia kama kioo kimekaa sawa."

"Kimekaa sawa tangu mwaka juzi."

Basi maisha yakaenda hivyo, na pengine yangeendelea hivyo, kama asingehamia daktari ghorofani, chumba cha juu yao kabisa. Alikuwa daktari wa zahanati ya mwisho wa mtaa. Kosa lake la kwanza lilikuwa urefu. La pili, hakuwa ameoa. La tatu, ambalo fundi hakulisamehe, kila akipita mlangoni alisema, "Shemeji, habari za kazi?"

"Shemeji kwa ndugu yupi?" fundi aliuliza, daktari alipokwisha kupita.

"Ndivyo watu wanavyosalimiana," mkewe akajibu.

"Mimi haniambii hivyo."

"Akuite wewe shemeji?"

Dari lao lilikuwa la mbao, kwa hiyo fundi alizijua nyendo za daktari kuliko mama yake mzazi alivyozijua. Alijua anapovua viatu, alijua kitanda chake kiko upande gani. Jioni moja mkewe alisema tu, kwa kupitisha maneno, "Leo daktari amechelewa kurudi," na chakula kikamshinda fundi. Alikisukumasukuma kwenye sahani huku akijiuliza ni mke wa nani anayehesabu nani karudi na nani hajarudi. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelitambua jambo hilohilo robo saa kabla yake, hilo hakulitia akilini.

Halafu mkewe akashika mimba, na majirani, ambao kwa majina hawachelewi, wakaanza kumwita Mama Kijacho. Fundi alifurahi mpaka akampa muuza mkaa kioo cha bure. Lakini mimba ilikuja na kutapika. Harufu ya chai ilimtapisha, kitambaa kipya kilimtapisha, na puti ya kubandikia vioo ndiyo ilikuwa adui yake mkubwa. Alikonda, macho yakazidi kuwa makubwa.

"Niende zahanati," alisema.

Fundi akaiona picha nzima: mkewe amelala juu ya kitanda cha zahanati, mkono mrefu unamgusa tumbo, na sauti inasema, shemeji, vuta pumzi. "Zahanati foleni ndefu," akajibu.

"Basi nipande hapo juu nimwulize tu. Ngazi ni hizo."

"Upande huko ukafanye nini? Maduka ya dawa yamefungwa?"

Akaenda yeye. Muuza dawa, kijana mwenye miwani, akamwuliza mgonjwa ni nani. Fundi akaona maswali yanaelekea wapi: mke wako, ana umri gani, mimba ya muda gani. Mwanaume mwingine huyo, anataka habari za ndani. "Mgonjwa mimi," akasema.

"Wewe ndiye unatapika?"

"Sana."

Kijana akamtazama mtu huyo aliyenona vizuri, akampa pakiti ya vidonge vya kuzuia kutapika. "Kimoja kwa wakati, usizidishe. Na kuna jambo la kuangalia, ukianza kuona..." Lakini fundi alikwisha kufika nje.

Nyumbani akampa mkewe viwili. Kimoja aliona ni cha watoto. Usiku viwili tena. Kesho yake kutapika kukapungua, Mama Kijacho akala mkate, na fundi akavimba kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua dawa. Akampa vingine viwili asubuhi, na mchana tena, pakiti ikabaki imejikunja kwenye mfuko wa shati lake, kifuani, kama kalamu ya daktari.

"Unaona?" alisema. "Tumepanda ngazi ya mtu?"

Alasiri hiyo alikuwa mezani na kioo cha meza ya kujipambia, kazi ya mteja mgumu. Juu, daktari alikuwa nyumbani. Zamu yake ilikuwa ya jioni. Mbao za dari zikalia: hatua, hatua, kimya, hatua. Fundi akatupa jicho kwenye kioo cha kona iliyomeguka, kama alivyozoea.

Mkewe hakuwa akishona. Shingo ameigeuza upande, kidevu kimepanda, na macho yote mawili yametazama juu, darini, palepale zilipokuwa hatua.

Fundi akangoja ayashushe. Hakuyashusha. Hatua zikaenda upande wa dirisha. Macho yakabaki juu. Damu ikamchemka.

"Unatafuta nini huko juu?" akauliza kutoka mezani.

"Shingo," mkewe akasema taratibu, ulimi mzito. "Shingo inanivuta."

"Inakuvuta kuelekea wapi?"

"Juu. Fundi, siwezi..."

"Shusha macho."

"Hayashuki."

"Hayashuki," fundi akarudia. "Miaka yote yanashuka, leo yamegoma. Na tunajua yamegomea kwa nani."

Akainamia kazi yake kwa hasira, akapitisha kikatio mara mbili juu ya mstari uleule, jambo ambalo hajalifanya tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Kioo cha mteja mgumu kikapasuka ovyo mpaka pembeni. Alipoinua macho tena, mkewe alikuwa amemtolea ulimi.

Hapo uvumilivu ukamwisha. Kumtazama mwanaume mwingine mbele yake, na juu ya hayo kumtolea ulimi! Akaingia chumbani kwa kishindo, akasimama mbele ya cherehani, maneno yote makali yakiwa yamejipanga mdomoni. Hakuyasema. Kwa karibu aliona kwamba ulimi ule haukuwa wa dhihaka, ulikuwa umesukumwa nje na kukwama kwenye meno. Taya limekwenda upande. Machozi yanatiririka kuelekea masikioni kwa jinsi kichwa kilivyorudi nyuma, na mkono umeng'ang'ania pazia la mtu mpaka umelikunja lote. Macho bado yako juu. Hayakumtazama yeye, hayakumtazama mtu yeyote.

"Mke wangu," akasema, na sauti haikuwa ile aliyoingia nayo.

Akakimbilia kijiko, akajaribu kukipenyeza kati ya meno ili ulimi usikatike. Shingo ikazidi kupinda. Kisha akasikia pumzi yake ikipita kooni kwa mluzi mwembamba, kama upepo unaopenya dirisha lililofungwa vibaya. Fundi wa madirisha aliijua sauti hiyo, na roho yake ikaruka. Walikuwa wawili mle, mama na kijacho, na pumzi yao ilikuwa inapita kwenye ufa.

Akatoka mbio mpaka chini ya ngazi. Na hata hapo, Mungu amsamehe, alisimama. Ngazi hizo hakuwahi kuzikanyaga. Aliwaza atoke barabarani atafute gari, wakimbilie hospitali ya mbali, kwa daktari mwingine yeyote, hata mfupi, hata mzee. Mluzi ukasikika tena kutoka ndani. Akapanda.

Daktari alishuka pekupeku, shati halijafungwa vifungo. Fundi aliliona hilo la vifungo. Wivu hauna adabu, hauchagui wakati.

"Toa kijiko," daktari akasema. Akapiga goti mbele ya mgonjwa. "Shemeji, unanisikia? Kama unanisikia nibane mkono."

Mama Kijacho akambana. Fundi akauona mkono wa mkewe ukikaza ndani ya mkono ule, akameza mate machungu.

"Vizuri. Ana akili zake timamu, anatusikia. Kifafa cha kumwangusha na kumpoteza fahamu si hiki." Akamgusa paji. "Homa hana. Amejichoma na sindano au msumari siku za karibuni? Ana kidonda?"

"Hapana."

"Amemeza dawa gani leo au jana?"

Swali dogo, mtu angejibu kwa neno moja. Lakini jibu la swali hilo lilikuwa na mkia: kwa nini hukumleta kwangu, na mimi niko hapa juu? Na jibu la hilo lilikuwa ni kusimama mbele ya mwanaume huyu mrefu, ambaye vifungo hajafunga, na kumwambia, kwa sababu nakuonea wivu.

"Hajameza kitu," fundi akasema.

"Fikiri vizuri. Kama ni dawa, nina sindano zahanati ya kulifungua hili mara moja. Kama si dawa, ninatafuta kitu kingine kabisa, na koo lake linabana."

"Nimesema hajameza."

Mkono wa Mama Kijacho ukainuka. Ulipapasa hewani, ukielekea mbele, walikokuwa wawili hao. Fundi akadhani anamtafuta daktari, akaukamata, akaushusha.

"Mwachie," daktari akasema.

Akauachia. Ukainuka tena, ukitetemeka, bila macho ya kuuongoza, ukampita daktari, ukagonga kifua cha mumewe. Ukapapasa mpaka kwenye mfuko wa shati. Kilichokuwa mfukoni kikalia, kwacha kwacha.

Daktari akaichomoa pakiti mwenyewe. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akatazama matundu ya vidonge vilivyokwisha kutolewa. Fundi alingoja matusi. Laiti yangekuja.

"Mbebe," daktari akasema. "Wewe, kifuani kwako, awe ameketi. Asilale chali, na asipewe maji wala chochote mdomoni. Mimi nashika kichwa."

Wakatoka hivyo barabarani: fundi amembeba mkewe, na daktari anakwenda kando yao, kiganja kwenye shavu lake. Muuza mkaa alisimama akatoa macho. Fundi alilemewa, jasho likamwingia machoni, na bado alikuwa akikiangalia kile kiganja.

Zahanati, nesi akaleta oksijeni mbio. Wakampima presha, wakamtafuta mshipa, sindano ikaingia.

"Ni vile vidonge," daktari akamweleza fundi, macho kwa mgonjwa. "Vinasaidia wengi, lakini wengine vinawakaza misuli, hasa vijana, hasa wakizidishiwa. Shingo inapinda, macho yanapanda, ulimi unatoka. Mtu anaona kila kitu na hawezi kujizuia. Wengi wanacheleweshwa nyumbani kwa sababu watu wao wanadhani wanaigiza."

Fundi akatazama viatu vyake. Vumbi la kioo liling'aa juu yake.

Wakangoja. Kwanza mluzi ukakoma, pumzi ikapita bila kelele. Nesi akasema, "Haya, mama, pole pole." Taya likarudi mahali pake. Ulimi ukaingia. Fundi alipaswa kushukuru, na alishukuru, lakini kando ya shukrani kulikuwa na hesabu nyingine ikimwenda kichwani. Daktari alikuwa amesimama upande wa dirisha, upande ule shingo ilikoelekea. Macho yale yakishuka, wa kwanza kuonwa ni yeye. Fundi akazunguka kitanda. Akajipenyeza kati ya nesi na mtungi wa oksijeni, akamkanyaga nesi, akaomba radhi, akasogea mpaka akamsukuma daktari kwa bega kutoka pale alipokuwa, na yeye akasimama hapo.

Macho yakashuka taratibu. Yakamkuta. Yalikuwa mekundu, yamechoka, lakini yalikuwa yale yale ya siku zote, ya kutazama mtu usoni, na yakamtazama usoni. Halafu Mama Kijacho akayafumba. Hakuna kilichomvuta safari hii.

"Inaweza kurudi," daktari alimwambia mgonjwa baadaye, "siku mbili tatu hizi. Nitakupa vidonge vya kuizuia. Na usiwe peke yako. Awepo mtu wa kukukimbiza hapa mara tu utakaposema shingo inavuta."

"Mimi nipo," fundi akasema.

"Dada yangu," Mama Kijacho akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Dada yako nyumba imejaa watoto. Utapumzika saa ngapi?"

"Nikimwambia inavuta, dada ataamini."

Daktari akaanza kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika mkononi. Fundi alitamani mkewe amtukane, ampigie kelele, amwulize kwa nini, ili naye apate mahali pa kuingilia. Lakini yeye alimgeukia daktari, akamwomba amtajie jina la dawa ile, akalirudia polepole mpaka likamkaa, kwa kuwa kuanzia siku hiyo kila hospitali atakayokwenda itabidi aseme haipatani naye. Alilirudia huku akimtazama daktari usoni. Kama anavyomtazama muuza mkaa, fundi alijiambia. Kama anavyomtazama mbwa. Haikumsaidia.

Dada mtu akaja kumchukua moja kwa moja kutoka zahanati. Hakumpa fundi mkono.

Asubuhi yake fundi alifungua karakana, hakukata kitu. Alikwenda kuketi kwenye kiti cha cherehani, mbele ya kioo cha kona iliyomeguka. Akageuza shingo upande, akainua kidevu. Akapandisha macho mpaka dari, akatoa ulimi, akajaribu kukaa hivyo.

Hakufika mbali. Shingo ilianza kuwaka, machozi yakamtoka, macho yakashuka yenyewe bila kumwomba ruhusa. Akajaribu mara ya pili akiwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Yakashuka tena. Mkewe alikuwa amekaa hivyo wakati yeye anamwuliza inamvuta kuelekea wapi. Amekaa hivyo yeye anapitisha kikatio. Amekaa hivyo yeye anavunja kioo cha mteja na kukasirikia kioo. Akainama juu ya cherehani na kulia kwa sauti, mtu mzima, na karakana iko wazi.

Alipotulia alichukua simu. Maneno alikuwa nayo. Alikuwa ameyapanga vizuri: kwamba alidanganya, kwamba alikuwa mjinga, kwamba kioo atakitoa leo hii. Shemeji yake, yule dada wa mkewe, akapokea.

"Ameamkaje?" fundi akauliza.

"Salama. Shingo imekaa vizuri. Amekunywa chai na haikutoka."

"Nipe nizungumze naye."

"Nimemwuliza. Amesema akiwa tayari atakupigia mwenyewe." Shemeji akasita, sauti ikalegea kidogo. "Lakini sema, nitamfikishia. Yuko hapa karibu."

Hapo ndipo pa kusema. Fundi akavuta pumzi. Nyuma ya shemeji, ndani ya nyumba ile iliyojaa watoto, akasikia mkewe akicheka, kicheko kidogo cha mgonjwa, na sauti nene ya mwanaume ikimaliza kusema jambo.

"Huyo mwanaume ni nani?" akauliza.

"Shemeji," dada mtu akasema, "huyo ni mume wangu." Na simu ikakatika.

Fundi akabaki ameishika sikioni. Kwenye kioo aliona mtu amekaa kwenye kiti kisicho chake, plasta kidoleni, penseli sikioni. Juu, mbao zikalia: hatua, hatua. Daktari anajiandaa kutoka. Anakwenda wapi asubuhi yote hii, na zamu yake ni ya jioni? Fundi akainua macho darini, na hayakushuka.